Dizeli ya miti ipo, lakini piga hesabu kabla hujauziwa miche

Kama umewahi kutembea msitu wa Karura, kuna njugu ngumu za rangi ya udongo ambazo labda umeshazikanyaga bila hata kuziangalia. Zinadondoka kutoka kwa mti mrefu unaoitwa mkinduri. Waluhya wanauita musine. Njugu zake hazina kazi jikoni, hakuna anayezila. Lakini zikikamuliwa zinatoa mafuta, na mafuta hayo yakipikwa vizuri yanaendesha injini ya dizeli. Hizi si stori za kijiweni.

Na si mkinduri peke yake. Kuna mbono kaburi, ambao wengi wanaujua kama jatrofa. Kuna mbarika, ule mmea unaojiotea tu kando ya mitaro. Yote mitatu ina mafuta ambayo hayaendi kwa sufuria ya mtu. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa: badala ya kuchukua mahindi, soya na mawese na kuyachoma barabarani wakati watu wana njaa, si tutumie mafuta yasiyolika?

Wazo ni safi. Shida ni kwamba wazo safi likitua hapa kwetu, haraka sana linapewa semina, fomu na ada ya usajili. Unakumbuka kware, 2013 kuingia 2014? Bei ya yai ilipaa, kila mtu akajenga kibanda, kisha soko likafa na ndege wakabaki mikononi mwa watu. Dizeli ya miti ilishapitia njia hiyo hiyo, tena kwa mashamba makubwa kuliko ya kware. Na sasa mbegu za mafuta zinazungumziwa tena. Kwa hivyo, kabla hujanunua miche, ama kabla hujampigia mzee simu ushago umwambie apunguze mahindi, hebu tukae chini tupige hesabu. Mimi sina digrii ya kemia, wala ya kitu kingine, lakini hesabu yenyewe ni ya kutoa na kugawanya tu.

Inapikwaje?

Tuanze na sehemu rahisi. Ndiyo, kemia ndiyo sehemu rahisi.

Mwaka wa 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini moja ndogo ya aina ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga, na ikafanya kazi. Kwa hivyo mimea kuendesha injini si kitu kipya. Tatizo ni kwamba mafuta ya mimea yakiwa mabichi ni mazito, takriban mara 10 kuliko dizeli ya kawaida. Ukiyamwaga hivyo hivyo kwa injini ya leo, yatawaka vibaya, yataacha masizi na mwishowe yataziba nozeli. Mekanika atafurahi, wewe hutafurahi.

Sasa, fikiria boda boda iliyobeba abiria watatu. Hivyo ndivyo chembe ya mafuta ya mimea ilivyo: glisarini ndiyo boda, na juu yake kuna minyororo mitatu mirefu ya asidi ya mafuta. Ndiyo maana ni nzito. Unacholeta ni methanoli, ambayo ni aina ya spiriti, pamoja na kichocheo kama kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni. Kila abiria anashuka kwa boda kubwa na kupanda kaboda kake kadogo ka methanoli. Zile tatu ndogo ndizo bayodizeli, nyepesi na laini. Ile boda kubwa iliyobaki bila abiria ni glisarini, na kwa sababu ni nzito inazama chini.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Mafuta yanachujwa na kukaushwa, kwa sababu maji ni adui hapa. Yanapashwa moto hadi karibu nyuzi 60, lakini si zaidi, maana methanoli inaanza kuchemka kwenye nyuzi 65 hivi. Kwa kila lita 10 za mafuta unaweka kama lita 2 za methanoli ambayo kostiki imeshayeyushwa ndani yake. Unakoroga muda wa saa moja, kisha unaacha itulie. Unapata matabaka mawili: juu bayodizeli ya manjano, chini glisarini nyeusi. Unaiondoa ya chini, unaosha ya juu kwa maji ili kutoa mabaki ya kostiki na sabuni, unaikausha. Kutoka kwa lita 10 za mafuta unapata karibu lita 10 za bayodizeli.

Ukisoma hivyo unaweza kudhani ni kazi ya kufanya kejani kwa bedsita. Usijaribu. Methanoli ndiyo ile sumu iliyopatikana kwa pombe haramu Mei 2014, makumi ya watu wakafa katika kaunti kama Embu, Kiambu na Makueni, wengine wakapoteza macho. Haihitaji kunywewa pekee. Mvuke wake unaingia kwa mapafu na yenyewe inapita kwa ngozi. Inashika moto haraka, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Kostiki nayo inachoma ngozi na kupofusha. Hii ni kazi ya mahali penye hewa, glavu, miwani na mtu anayejua anachofanya.

Kuna mtego mwingine ambao wauza miche hawautaji. Mbegu zikihifadhiwa vibaya, zikipata unyevu, mafuta yake yanakuwa na asidi nyingi. Ukiyapika na kostiki yakiwa katika hali hiyo, hupati dizeli. Unapata sabuni, pipa zima la uji wa sabuni. Ili kuyaokoa inabidi kwanza yapikwe na asidi ya salfuriki, hatua nyingine, gharama nyingine. Kwa hivyo ubora wa dizeli yako unaanza kwa gunia la mkulima, vile lilivyoanikwa na lilipowekwa.

Hesabu ya kilo nne

Sasa tufike kwa ile sehemu ngumu: mbegu.

Mbegu ya jatrofa ina mafuta kama asilimia 30 hadi 35 ya uzito wake. Mashine ndogo ya kukamua haiyatoi yote, mengine yanabaki kwa mashudu. Chukua kilo nne za mbegu kwa kila lita moja ya mafuta. Ukiwa na mashine nzuri utashuka kidogo, ukiwa na ya mkono utapanda hadi tano. Tuseme nne.

Matatu yenye tenki ya lita 60 basi inataka kilo 240 za mbegu. Tenki moja tu, siku chache za barabara, inarudi tena.

Twende kwa doo. Tuseme dizeli kwa petroli stesheni ni shilingi 170 kwa lita. Bayodizeli ina nguvu pungufu kidogo, kama asilimia 10 chini, kwa hivyo mteja hatakulipa sawa. Tuseme atakupa 150. Sasa toa methanoli, kostiki, stima, maji, usafiri, mshahara wa wanaokamua na kupika. Weka 70 kwa lita, kama mfano. Ukiwa na hesabu yako halisi, iweke hapo. Zinabaki 80. Gawanya kwa kilo nne. Mkulima anapata shilingi 20 kwa kilo, na hapo hatujaweka kodi wala faida yako wewe uliyenunua mtambo.

Tunda la jatrofa haliivi yote mara moja. Kwenye tawi moja kuna mabichi, ya manjano na makavu, kwa hivyo unachuma kwa mkono, moja moja, kisha unamenya. Tuseme umejitahidi ukapata kilo 20 kwa siku nzima. Hiyo ni shilingi 400. Uliza kijana yeyote wa mjengo kama ataacha mjengo kwa hiyo pesa.

Hapo ndipo ndoto huvunjikia. Injini haina shida na hiyo dizeli hata kidogo, ni mkono unaochuma mbegu ndio haulipiki.

Ile ndoto ya 2008

Wenye kumbukumbu ndefu watakwambia haya yote yalishajaribiwa. Julai 2008 bei ya mafuta ghafi duniani ilifika karibu dola 147 kwa pipa. Kila nchi ikaanza kutafuta mbadala. Mwaka wa 2009 Umoja wa Ulaya ukapitisha kwamba kufikia 2020, asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwa vyanzo visivyoisha. Macho ya wawekezaji yakageuka Afrika, na jatrofa ikawa staa. Ilisemwa kwamba inamea kwenye ardhi kame, haihitaji maji, haina wadudu, haishindani na chakula.

Neno moja lilifichwa hapo. Ni kweli jatrofa haifi kwenye ukame. Lakini kutokufa si kuzaa. Mmea unaweza kusimama wima miaka mitatu kwenye mchanga na usikupe debe moja la mbegu. Ukitaka mavuno ya maana, unataka maji, mbolea na udongo mzuri, yaani kila kitu ambacho mahindi pia yanataka. Isitoshe, huu ulikuwa bado mmea wa mwituni. Mahindi yamechaguliwa na wakulima kwa maelfu ya miaka. Jatrofa ilichukuliwa kwa ua ikapelekwa moja kwa moja kwa shamba la biashara.

Mwaka wa 2009, shirika la Ujerumani la GTZ likishirikiana na watafiti wa hapa, wakiwemo ICRAF na KEFRI, lilitoa ripoti kuhusu wakulima wa Kenya waliokuwa wamepanda. Jibu lilikuwa baridi: kama zao la shamba zima, haimlipi mkulima mdogo. Kuchanganya na mazao mengine, pia hapana. Mahali pekee ilipopendekezwa ni kama ua la kuzungushia boma.

Lakini treni ilikuwa imeshaondoka stesheni. Kule Dakatcha, kaunti ya Kilifi, kampuni yenye wenyewe Italia ilitaka hekta 50,000 za jatrofa. Dakatcha si jangwa. Ni msitu wenye wakazi, wakiwemo Wagiriama na Wawatha, na una ndege ambaye hapatikani kwingine duniani ila Kilifi. Wakazi na wahifadhi wa mazingira walipiga kelele, na mwishowe mradi haukuendelea. Tana River, kampuni ya Canada iitwayo Bedford Biofuels ilikodi eneo kubwa la ranchi kwa ajili ya jatrofa, nayo ikaanguka. Jirani zetu Tanzania, kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, ikaajiri watu, ikafunga 2011. Wanavijiji walibaki bila kazi na bila ile ardhi.

Mafuta hayaliwi, shamba linaliwa

Hili ndilo ningependa ubaki nalo kama hutakumbuka kingine. Wakikuambia mmea wao hauliwi na kwa hivyo haushindani na chakula, uliza unapandwa wapi. Mbegu hailiwi, sawa. Lakini ardhi iliyoubeba ingebeba kunde. Maji yaliyounywesha yangenywesha mbuzi. Na siku tano za mama aliyekuwa akichuma ni siku tano ambazo hakupalilia.

Hata ile ardhi inayoitwa tupu, mara nyingi ni tupu kwa ramani tu. Ukifika huko unakuta mtu analisha ng'ombe, mwingine anakata kuni, mwingine amezika babu yake hapo. Wewe unayesoma hii labda uko Umoja ama Kasarani, lakini shamba linalotafutwa ni lile la kwenu, na sahihi inayotafutwa ni ya mzee wako. Ndiyo maana hii si habari ya wakulima peke yao.

Nyongeza ya muhimu: yasiyolika mengine hayaliwi kwa sababu ni sumu. Mbegu za jatrofa zimeshalaza watoto wengi hospitalini baada ya kuzila wakidhani ni karanga. Mbegu ya mbarika ina risini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana. Mashudu yake huwezi kumpa ng'ombe hivi hivi. Kwa hivyo ile faida ya pili, ya kuuza mashudu kama chakula cha mifugo, iondoe kwenye hesabu hadi mtu akuonyeshe kwa vitendo vile atakavyoondoa hiyo sumu.

Mahali inapofanya kazi

Sitaki uende ukidhani kila kitu ni uongo. Hesabu inabadilika ukiondoa shamba.

Chukua mkinduri. Mti huu uko tayari nyanda za juu za Kenya: kwa mipaka ya mashamba, kando ya barabara, kwa vivuli vya kahawa. Hakuna aliyeupanda kwa ajili ya mafuta. Njugu zinaanguka zenyewe, kazi ni kuokota. Kule Nanyuki, kampuni ya Eco Fuels Kenya ilianza kwa njia hii mwaka wa 2012: kununua njugu kwa waokotaji, kukamua mafuta, na mabaki kuyageuza mbolea. Angalia vizuri hapo. Hakuna msitu uliokatwa, na bidhaa ni zaidi ya moja. Mafuta peke yake yangekufa njaa, mbolea inayasaidia kubeba mzigo.

Ua la jatrofa nalo lina maana kama lilikuwepo tayari kuzuia mbuzi. Mbegu inakuwa ziada. Mafuta yake ukiyatumia pale pale kijijini, kwa mashine ya kusaga ama kwa sabuni, unaokoa nauli ya lori. Na kuna mafuta mengine yasiyolika ambayo yako mtaani mwako: yale ya chipo yaliyokaangiwa hadi yakawa meusi. Yalikuwa chakula, sasa hayafai tena tumboni, na hayahitaji ekari hata moja. Yanapikwa kwa njia ile ile, ukishayachuja na kupima asidi. Kati ya yote niliyotaja, hayo ndiyo yaliyo karibu zaidi na kijana wa mjini.

Sasa wamerudi

Kampuni kubwa ya Italia, Eni, ilitia saini makubaliano na serikali ya Kenya mwaka wa 2021. Mwaka uliofuata ikafungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni, na Oktoba 2022 shehena ya kwanza ya mafuta ikaondoka bandari ya Mombasa kwenda kiwanda chake cha Gela, Italia. Mbegu zenyewe ni mbarika, mkinduri na pamba.

Tofauti moja ya kujua: kule Gela hawapiki kwa methanoli. Wanatumia haidrojeni, kwa mitambo mikubwa. Mafuta ya mbarika ni mazito kiasi kwamba bayodizeli yake peke yake, ile ya methanoli, haifikii viwango vya wepesi vinavyotakiwa kwa injini. Kwa hivyo mtu akikuambia utapanda mbarika kisha upike dizeli yako nyuma ya nyumba, hajui anachouza.

Mbarika angalau inazaa haraka kuliko jatrofa, na kuna mnunuzi mwenye kiwanda. Hiyo ni hatua. Lakini mkulima bado anauza mbegu, kitu cha bei ya chini kabisa kwenye mnyororo mzima, na thamani kubwa inaongezwa ng'ambo. Mvua ikikataa, hasara ni ya nani? Hilo swali ni la mkataba, si la kemia.

Kabla hujatoa pesa

Basi, akija mtu na miche, ama ukiona tangazo kwa grupu la WhatsApp, muulize maswali haya. Nani ananunua mbegu, na bei kwa kilo imeandikwa wapi? Kama bei haiko kwa karatasi, haipo. Shamba linalotoa mbegu kwa hiyo bei liko wapi, naweza kuliona leo, na mavuno ya msimu uliopita yalikuwa kilo ngapi? Usikubali picha ya shamba la India. Miche inachukua muda gani kuzaa, na nitakula nini kabla ya hapo? Na yeye mwenyewe anapata pesa kwa kuuza mafuta, ama kwa kuniuzia mimi miche?

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtu mwenye soko la mafuta anatafuta mbegu usiku na mchana, hana muda wa kukutoza ada ya semina. Anayeishi kwa kuuza miche hahitaji dizeli itoke, anahitaji tu wewe uje, kisha umlete binamu yako.

Na kama wewe ni yule anayetaka kupika, si kupanda, anza na debe moja la mafuta yaliyotumika, pamoja na mtu wa maabara, mahali penye hewa. Piga hesabu kwa lita, andika kila shilingi. Usimwage kitu kwa gari la mtu kabla hakijapimwa. Bayodizeli chafu inaziba filta, na ikiwa nyingi inakula mipira ya mabomba kwa injini za zamani. Kuuza mafuta ya gari nako kuna leseni na viwango, EPRA na KEBS hawana mchezo. Ukiona lita moja inakuacha na faida baada ya hayo yote, hapo sasa una biashara. Isipokuacha na kitu, usiongeze lita. Lita elfu moja za hasara ni hasara mara elfu moja.